Upinde Hauvutwi kwa Pupa

Vijana wapendwa wa Likasi, katika Katanga yetu upinde ni kitu cha heshima tangu zamani. Mapokeo ya Waluba yamtaja Mbidi Kiluwe, mwindaji, baba yake mfalme Kalala Ilunga. Nao wafalme wao walichongewa vinara vya mti vya kuwekea pinde.

Katika michezo ya Olimpiki hutumika upinde ambao ncha zake zimepinda kuelekea mbele, na shabaha husimamishwa umbali wa mita 70. Kijana akisikia hayo hutamani upinde mgumu siku ya kwanza. Asifanye hivyo, maana ataumiza bega na kuzoea mwendo mbaya.

Basi, anza na upinde mwepesi. Simama wima, miguu iachane kadiri ya upana wa mabega. Nyosha mkono ushikao upinde, bega lake likae chini. Vuta ugwe kwa vidole vitatu mpaka uguse kidevu. Nguvu itoke mgongoni, wala si mkononi. Usiachie ugwe pasipo mshale, kwani upinde waweza kuvunjika.

Nyumbani jizoeze kwa kuvuta ukanda wa mpira wa baisikeli, siku moja ukivuta, ya pili ukipumzika. Ukiweza kuhesabu hadi 10 bila kutetemeka, ongeza ugumu kidogo.

Nanyi wazazi, msimcheke mwana aanzaye na upinde mwepesi. Zaburi ya 127 yawafananisha watoto na mishale mkononi mwa shujaa. Na shujaa havuti kabla ya kusimama vema.