Usichane daftari la mtoto anayeendeleza hadithi za wengine

Mzazi anatafuta kalamu kwenye begi la shule la mwanawe, anakutana na daftari lililoandikwa Hisabati lakini halina hesabu hata moja. Ndani kuna falme, majoka yanayotema moto na ramani ya nchi isiyokuwapo duniani. Mashujaa ni Harry Potter na wenzake, ila wamepelekwa mahali ambapo mwandishi wao, J.K. Rowling, hakuwahi kuwapeleka. Wakati mwingine hakuna daftari. Hadithi imo kwenye simu ya mama, kati ya ujumbe wa kikoba na picha za harusi, na imeshafika sehemu ya kumi na mbili.

Hapo wazazi wengi hushtuka kwa sababu tatu. Ya kwanza ni mtihani: mtoto wa kidato cha pili anapata wapi muda wa mambo haya? Ya pili ni uchawi, neno ambalo nyumba za Simiyu hazilichukulii kwa mzaha. Ya tatu ni wizi, maana hadithi hiyo ina mwenyewe. Daftari likichanwa na simu ikifungiwa kabatini, mzazi huona amemaliza kazi. Mtoto naye huendelea kuandika, ila kuanzia siku hiyo hamwonyeshi mtu.

Kabla ya kufika huko, ni vizuri mzazi ajue mtoto anafanya nini hasa.

Mchezo wenyewe ukoje

Duniani kote wapo wasomaji, wengi wao vijana, ambao wakimaliza kitabu cha maajabu hawakubali kwamba kimeisha. Huandika yaliyotokea baadaye, huchora wahusika na kuwatungia nyimbo. Vitabu vya Harry Potter ni saba, vilitoka kati ya 1997 na 2007, lakini hadithi ambazo wasomaji wake wameziendeleza hazihesabiki.

Wasomaji hao pia hupeana changamoto. Mmoja hutoa neno au picha, hutaja urefu na tarehe ya mwisho, kisha kila mtu hutunga chake. Changamoto moja maarufu ni ya hadithi yenye maneno 100 kamili. Si 99, si 101. Nyingine ni ya kubadilisha msimulizi: kisa ni kilekile, lakini safari hii anayesimulia ni adui, au mpishi wa mfalme. Nyingine ni ya zawadi, ambapo kila mmoja hupewa kwa siri jina la mwenzake na kumtungia hadithi anayoipenda. Hakuna fedha. Malipo ni kusomwa na wenzako na kuambiwa hapa umepatia, hapa rudia.

Anayedhani huu ni upuuzi wa watoto ajue kwamba mwaka 2019 hazina kubwa ya kazi hizo mtandaoni, Archive of Our Own, ilipewa Tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa zaidi katika hadithi za maajabu na za sayansi ya kubuni.

Wala hapa kwetu mchezo huu si mgeni. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanamkumbuka marehemu Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili huku akiongeza utani na maelezo yake mwenyewe. Watazamaji walijua filamu si yake. Walilipa kiingilio ili wamsikie yeye.

Shing'weng'we ana wasimulizi wengi

Usukumani kuna hadithi ambayo bibi na babu wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega waliisikia utotoni. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina lenye maana ya kwamba akili ni kufundishwa. Mtoto alipokua akauliza: mama, watu wako wapi? Aliposikia habari za zimwi, akaenda kuwinda. Akaua panzi, akamletea mama yake, kumbe siye. Akaua mnyama mdogo, siye. Akaua mkubwa zaidi, siye. Mwisho akalipata lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai.

Sasa twende Zanzibar. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha kitabu cha hadithi za Waswahili alizozikusanya huko. Mojawapo inahusu nunda mla watu, paka aliyekua akawa dubwana la kutisha. Mtoto wa mwisho wa sultani anakwenda kumwinda. Kila akiua mnyama humburura hadi kwa mama yake, na kila mara mama humwambia kuwa nunda siye huyo. Ni mchezo uleule wa Masala Kulangwa. Mmoja amezungukwa na pumba za mtama, mwingine na jumba la sultani lenye mtende uani.

Hadithi hizi zimeishi kwa sababu kila aliyezisikia alizichukua, akaziongezea mazingira ya kwake na kuzisimulia upya. Bibi wa Meatu hasimulii kama bibi wa Busega, na hakuna anayemwita mwenzake mwizi.

Hata changamoto zenyewe Wasukuma wanazijua vizuri. Baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana kushindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa zaidi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila msimu mtunzi wa nyimbo, anayeitwa ningi, hulazimika kuja na jipya ndani ya mtindo ambao watazamaji wameuzoea tangu zamani. Akirudia ya mwaka jana, watu wanahamia upande wa pili.

Wakubwa nao walianzia kwa wengine

Shaaban Robert, ambaye Kusadikika yake ya mwaka 1951 inahusu nchi inayoelea angani, alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952. Kisa cha kitabu hicho kina asili yake katika Alfu Lela Ulela: mtu mwema na ndugu zake wawili wenye husuda, waliogeuzwa wanyama, naye analazimika kuwachapa kila usiku. Katika kisa cha zamani ndugu hao waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawapa majina yanayotaja tabia zao, Hasidi na Mwivu, na kukifanya kitabu kizima kuwa somo la maadili kwa Kiswahili safi.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpenda Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Akamtunga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni. Hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, kisha ikachapishwa mwaka 1960. Mapenzi ya kazi ya mtu mwingine, yakikutana na shindano, yalimpatia msomaji wa Kiswahili mpelelezi wa kwake.

Mpaka wa kuendeleza na kuiba

Hata hivyo, woga wa mzazi kuhusu wizi una msingi. Mtoto afundishwe mapema tofauti ya mambo mawili. Kunakili kurasa za mtu na kuweka jina lako ni wizi, hata kama mwenyewe yuko mbali. Kuchukua mhusika unayempenda, ukamtungia kisa chako na kutaja wazi ametoka wapi ni mazoezi, mradi yabaki mazoezi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, ikiwamo kuigeuza na kuiuza. Daftari la nyumbani halimuumizi mtu. Siku mtoto anapotaka kuchapisha na kuuza, atumie wahusika wake mwenyewe, na mwenye maswali aulize COSOTA.

Kanuni ya nyumbani inaweza kuwa fupi: ukurasa wa kwanza aandike hadithi hii imetokana na kitabu gani na nani alikitunga. Mtoto akizoea kuandika mstari huo, hatapata shida siku mwalimu atakapomtaka ataje chanzo cha kazi yake.

Kuhusu uchawi, mzazi asome kwanza kabla ya kuhukumu. Fimbo ya kichawi katika hadithi haina tofauti na sungura anayesema. Cha kuangalia ni hadithi inamfundisha mtoto kumtendeaje mwenzake.

Jaribuni changamoto hii nyumbani

Badala ya kumkataza, mpe kazi ngumu zaidi. Jumapili jioni, familia ikiwa pamoja, bibi asimulie Shing'weng'we. Kama bibi yuko kijijini, apigiwe simu na sauti irekodiwe. Kisha kila mtoto aandike hadithi ya maneno 100 kutokana na kisa hicho, kwa Kiswahili au Kisukuma, na aisome mbele ya wote wiki inayofuata. Asiyejua kuandika achore. Mzazi naye aandike. Asikae pembeni kama msahihishaji.

Mada zipo tele. Yule mama alisikia nini akiwa ndani ya pumba? Watu waliokuwa tumboni mwa zimwi walizungumza nini gizani? Panzi aliyeuawa kwa kudhaniwa zimwi angejitetea vipi?

Na ipo mada moja nzito. Masala Kulangwa alipopasua tumbo la zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, na wapo wasimulizi wanaosema alilipiza kisasi kwa uchawi. Mwachie mtoto aliyefika sekondari asimulie kisa hicho kwa mdomo wa yule bibi. Alimezwa pamoja na wengine, akatoka akiwa na jeraha, na wote wakashangilia shujaa bila kumtazama. Je, alikuwa mchawi, au alikuwa mtu mzima mwenye maumivu ambaye hakuna aliyemwomba radhi?

Kanda ya Ziwa imezika bibi wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Mtoto aliyekaa jioni nzima akijaribu kuwaza kama yule kizee hatawasikiliza watu wa namna hiyo kirahisi akiwa mkubwa. Kazi hii haifanywi na mahubiri peke yake. Kusimulia kisa upya kutoka upande wa aliyesahaulika humfanya mtoto aulize swali ambalo hadithi ya kwanza haikuuliza.

Simu ina mengine ndani yake

Wapo watoto watakaotaka kupeleka kazi zao mtandaoni. Hapo mzazi asiwe mbali. Hazina za hadithi mtandaoni huwa na kazi za watu wazima pamoja na za watoto, na mara nyingi kila hadithi ina alama ya umri juu yake. Kaa na mtoto, mwonyeshe alama hizo na mkubaliane zipi hafungui. Atumie jina la kubuni, asitaje shule, mtaa wala namba ya simu, na asiweke picha yake. Msifiaji asiyemjua akimwomba wazungumze faragha au amtumie picha, mtoto amwambie mzazi siku hiyohiyo, bila hofu kwamba simu itanyang'anywa. Hofu hiyo ndiyo huwafanya watoto wanyamaze. Ikifika mahali mzazi au mtoto anahitaji msaada, Huduma ya Simu kwa Mtoto inapatikana bure kwa namba 116.

Muda nao upangwe. Kazi za shule na za nyumbani zitangulie, na hadithi ipate saa yake inayojulikana. Mtoto asiyelazimika kuiba muda hana sababu ya kuficha hadithi ndani ya daftari la Hisabati. Mzazi anayehofia mtihani akumbuke pia kwamba insha ya Kiswahili hupimwa kwa mambo yaleyale: mpangilio wa kisa, msamiati, na kusema kilichokusudiwa bila kuzidisha maneno.

Mtoto akikomaa, mlango wa kazi zake mwenyewe upo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023. Kufika huko ni safari ya miaka, na wengi huianza kwa wahusika wa kuazima.

Wapo watakaosema bado mtoto ameacha ya kwao na kushika ya Uingereza. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yamepelekwa kwa mtu asiyehusika. Mtoto huendeleza hadithi aliyopewa. Kama anamjua Harry Potter na hamjui Masala Kulangwa, ni kwa sababu mmoja aliletwa na skrini na mwingine hakuletwa na mtu. Jumapili hii mpeni hadithi ya kwao, kisha mwachieni kalamu muone atakapoipeleka.