Aliyeaminiwa Kampala aaminiwe Nairobi

Mgonjwa wa dawa za kurefusha maisha akivuka Busia au Malaba, huenda taarifa zake zikaandikwa katika programu mbili tofauti: UgandaEMR na KenyaEMR. Hizi ni ndugu. Zote zimejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Lakini kibali cha kuandika mabadiliko ndani ya moja hakifungui nyingine. Kijana wa hapa Kawempe aliyekwisha kuaminiwa na upande wa Uganda, akiona kosa lile lile upande wa Kenya, hubisha hodi kama mgeni.

Nilisomea uhamishoni. Niliporudi, vyeti vyangu vilitiliwa shaka, utadhani hesabu hubadilika mpakani!

Hofu ya wenye programu naielewa. Kila badiliko huhifadhiwa na jina la mwandishi wake na laweza kufutwa, ila kidonge kilichokwisha kumezwa hakirudi. Kwa hiyo sisemi apewe ufunguo siku ya kwanza. OpenMRS yenyewe ina ngazi za kuwatambua watengenezaji kwa kazi zao. Wakuu wa miradi hii miwili wazikubali ngazi hizo pande zote. Mgeni aanze na sehemu ndogo, mwenyeji akimkagua, kisha afunguliwe.