Daftari la Barua Lisihamishwe kwa Pupa

Klabu yetu ya kompyuta hapa Litapunga imeleta shauri kwamba seva ya barua pepe tunayofanyia mazoezi itolewe katika hifadhidata ya MySQL, iwekwe katika PostgreSQL. Wako walimu wasemao ni kujisumbua bure, maana barua zafika. Wako wanafunzi watakao kazi yote ifanywe Jumamosi moja, na hifadhidata ya zamani ifutwe kesho yake. Mimi sikubaliani na upande wo wote.

Kwanza yafaa wazazi walielewe jambo lenyewe. Barua zetu hazimo katika hifadhidata. Zimo katika mafaili, kila mtu na sanduku lake. Hifadhidata ni kama daftari la karani wa posta. Barua ikiingia, seva huuliza: mtu huyu yumo? Sanduku lake li wapi? Asipoonekana, barua hurudishwa ilikotoka. Basi tunahamisha majina tu, lakini jina likipotea, mwenyewe amepotea.

Sababu za kuhama ni njema. MySQL ilianzia Sweden mwaka 1995, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaingia mikononi mwa Oracle. PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, haimilikiwi na kampuni moja. Sisemi MySQL ni mbaya, la. Mpaka leo mtu aweza kuitumia bila malipo. Nasema tu kwamba vijana wetu wajue zote mbili.

Lakini wasidhani ni kazi ya kubadili jalada. Wazee wa Mpanda watanielewa nikitaja reli. Behewa letu lapita juu ya reli yenye upana wa mita 1. Ile ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, ina milimita 1,435. Behewa haliwezi kuvuka. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya, na hapo ndipo gunia hupasuka.

Gunia la kwanza ni herufi kubwa. MySQL, isipoagizwa vingine, huona “Neema” na “neema” ni mtu mmoja. PostgreSQL huona ni wawili. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandikwa kwa herufi kubwa, aliyekuwa akipata barua kila siku, aweza kuambiwa asubuhi moja kwamba hayumo, wala hakuna aliyemfuta! Tena MySQL za zamani zilikubali tarehe ya sifuri tupu, PostgreSQL huikataa. Na namba za kuandikisha wageni zisiposogezwa mbele, mgeni wa kwanza atapewa namba yenye mwenyewe, naye atakataliwa.

Iko programu iitwayo pgloader iwezayo kubeba mzigo wote kwa amri moja. Itumiwe, lakini haimjui Neema, sisi twamjua. Anwani zote ziandikwe kwanza kwa herufi ndogo. Kisha mmoja asome majina ya zamani kwa sauti, mwenzake atie alama katika mapya, na kila sanduku lipelekewe barua ya majaribio. Daftari la zamani lifungwe, lisifutwe mpaka muhula uishe.

Mimi niko tayari kusoma majina ya Kidato cha Kwanza. Namtafuta wa kutia alama.