Kona ya Walimu: Kamera ya Bei Nafuu, Tununue ama Tuache?

 

Mwezi huu tunajibu swali ambalo vijana kadhaa wametuuliza pale shuleni: "Walimu, nimeona kamera ya dijitali, bei yake iko chini. Ninunue ama niache?" Wengine wanataka kuanza kazi ya kupiga picha za harusi na ubatizo hapa kambini. Wengine wanataka tu kupiga picha za watoto wao. Swali ni zuri, na sisi tunaweza kulijibu kwa sababu tulinunua, tukafurahi, halafu tukajuta. Someni mpaka mwisho kabla hamjafungua kifuko.

TULIVYONUNUA

Katika likizo kubwa ya mwaka 2024, wenzetu wawili walipata ruhusa ya kutoka kambini wakaenda Rumonge kusalimia ndugu. Wengi wenu mnaijua pwani ile. Mwishoni mwa Januari 2018, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika wakatua upande wa Burundi, na kutoka Rumonge siku ya hewa safi unaona milima ya Ubwari ng'ambo, kama vile mtu anakuita.

Mwaka ule wa 2024 ziwa lilikuwa limepanda mpaka likaingia katika nyumba za watu kando ya maji. Mama aliyewapokea wenzetu aliwatolea picha moja ya zamani: yeye amesimama mlangoni kwake, beseni la ndagala kichwani. Nyumba ile wakati huo ilikuwa ndani ya maji. Akawaambia kwamba katika nyumba nzima amebaki na ile karatasi tu.

Wenzetu wakafikiri sana. Shuleni kwetu hatukuwa na picha ya darasa hata moja. Basi wakachukua mchango wetu, ule tulioukata kidogo kidogo kwenye posho, wakaenda sokoni, na kati ya mafundi wa redio na wauza mawese wakapata kamera ya mtumba ya megapikseli 7. Muuzaji akabonyeza, ikawaka, flashi ikapiga. Wakalipa. Hapo ndipo penye kosa letu la kwanza, tutawaeleza.

UZURI WAKE

Kwanza, haina filamu. Zamani ulikuwa unapiga picha 36, unapeleka mkanda mjini, unasubiri, na kumbe nusu zimeungua. Hii unaiona picha papo hapo. Mtoto akifumba macho, unarudia bila kulipa kitu. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni shule tosha.

Pili, flashi yake ina nguvu kuliko taa ya simu nyingi. Ndani ya nyumba zetu za udongo, usiku, hilo mtaliona wenyewe. Na lenzi yake inajongea mbele kweli, kwa hiyo unaweza kumvuta mtu aliye mbali bila sura yake kuharibika.

Tatu, inaweza kuleta kazi. Lakini fanyeni hesabu. Tuseme kwa kila picha, ukitoa malipo ya studio na nauli ya kwenda mjini, unabaki na faranga 500. Kamera ya faranga 100,000 itataka picha 200 ndipo irudishe pesa yake. Kijana asiyekuwa na subira ya picha 200, hiyo si kazi yake.

Nne, na hili ndilo kubwa kwetu sisi tuliokimbia, picha inaweza kumrudisha mtu. Baada ya mwaka 1994, katika kambi za Goma, watoto wengi kutoka Rwanda walikuwa wamepoteana na wazazi wao. Watoto maelfu walipigwa picha, zikabandikwa kwenye mbao, na wazazi wakapita wakitafuta sura moja moja. Mtoto mdogo hajui jina la kijiji chake, lakini mama yake anajua uso wake.

UBAYA WAKE

Tuanze na moto wa kuichaji. Kamera nyingine zina betri yao maalumu na chaja yake maalumu. Chaja ikipotea, kamera imekufa. Nyingine zinatumia mawe mawili, yale yale ya redio na tochi. Hizo ni rahisi kwetu, ila mawe ya bei ya chini kabisa yanaisha upesi sana, kwa maana flashi inakula. Afadhali mawe ya kuchaji, hata kama mwanzoni yanauma mfukoni.

Pili ni vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia haipendi vumbi letu la kiangazi. Chembe moja ya mchanga, lenzi inagoma njiani, na kuitengeneza mara nyingi kunazidi bei ya kamera yenyewe.

Tatu ni tarehe. Kamera ikikaa muda mrefu bila betri, saa yake inaweza kurudi nyuma. Picha zetu za kwanza zote zilisema 2005! Kama unataka picha ikusaidie kesho kuonyesha jambo lilitokea lini, panga tarehe kwanza.

Nne ni kadi, na hapa ndipo tulipolia.

Kamera yetu ilikuja na kadi ndogo ya megabaiti 128. Tukanunua kadi mpya ya gigabaiti 8, kamera ikaikataa. Tulipouliza kwa fundi akatufundisha: kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi zinazozidi gigabaiti 2. Basi tukabaki na ile ndogo, picha 40 hivi, imejaa.

Wakati wa Noeli 2024 tulizunguka mtaani tukapiga familia zilizotaka. Bibi mmoja wa Baraka, mkongwe kweli, alikataa kwanza, halafu akaenda kubadilisha kitenge, akarudi akakaa kwenye kiti, mjukuu wake mapajani. Picha ikatoka nzuri. Tukasema tutaitoa tukipata nauli ya kwenda studio.

Februari ikafika, tukataka kupiga picha za madarasa. Kadi imejaa. Tukafuta zile za Noeli.

Machi, bibi akafariki. Siku ya tatu ya kilio mwanawe akaja shuleni, akavua kofia, akatuambia: "Walimu, ile picha ya mama, mnitolee hata moja. Sina nyingine. Zote zilibaki ng'ambo."

Wazazi, hatukuwa na jibu. Tuliipeleka kadi kwa mwenye kompyuta. Akatueleza kwamba picha iliyofutwa mara nyingi inaweza kuvutwa tena, kama hujapiga nyingine juu yake. Sisi tulikuwa tumepiga nyingine. Tukarudi kwa yule baba mikono mitupu, tukamweleza ukweli. Hakutugombeza. Alisema tu, "Mungu anajua," akaenda. Afadhali angetugombeza.

Na linalouma zaidi ni hili: nafasi ingeweza kupatikana. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 inatosheka na megapikseli 2. Tungepunguza ukubwa wa picha ndani ya kamera, kuna kitufe chake, kadi ile ile ingebeba picha mara mbili au tatu zaidi. Tulikuwa tunajivunia megapikseli 7 bila kujua kazi yake.

UKIENDA SOKONI

Basi ukitaka kununua, iwe Rumonge, Bujumbura ama popote, fanya hivi mbele ya muuzaji:

1. Washa na uzime mara tano. Lenzi itoke na irudi bila kukwaruza.

2. Beba kadi yako mwenyewe. Piga picha, zima, washa tena, angalia kama picha ipo. Sisi tuliona flashi tu, tukadhani ndiyo kupiga.

3. Uliza inakula kadi gani. Kuna kamera za zamani zenye kadi za namna ya peke yake, na kadi hizo siku hizi ni shida kupata.

4. Uliza inakula mawe ama betri yake. Kama ni betri, bila chaja usinunue.

5. Piga picha ya ukuta mweupe, uiangalie kwa kuikuza. Ukiona doa lile lile kila picha, ndani mna uchafu.

6. Usidanganywe na namba. Kuna kamera mpya zisizo na jina zinazoandikwa megapikseli 48 kwa bei ya mboga. Namba imekuzwa tu, picha yenyewe ni ya ukungu.

NA MWENYE SIMU JE?

Kama nyumbani mna simu inayopiga picha vizuri, shauri letu ni hili: msinunue kamera. Pesa hiyo itoeni picha kwenye karatasi. Dunia yenyewe imefanya hivyo: mwaka 2010 zilitoka viwandani kamera za dijitali zaidi ya milioni 100, na mwaka 2020 hazikufika milioni 10, kwa sababu ya simu. Lakini simu nayo inaibiwa, inauzwa siku ya njaa, inaanguka majini, na picha zinakwenda nayo. Kamera inafaa kwa shule, kwa kikundi, na kwa kijana mwenye nia ya kazi.

Na wote, mwenye simu na mwenye kamera, shikeni adabu moja: uliza kabla ya kupiga. Kati yetu kuna watu ambao sura yao ikisambazwa inaweza kuwaletea hatari. Usipige askari, usipige bandari, usipige karatasi za mtu. Ukitaka kupiga picha za kazi kambini, pitia kwanza kwa wasimamizi.

NENO LA MWISHO

Bei ya kamera haiishii pale sokoni. Kuna kadi, kuna mawe, kuna nauli, kuna karatasi. Kama pesa yako inatosha kamera tu, bado haijatosha. Picha ambayo haijatolewa kwenye karatasi, ihesabu kama deni.

Sisi sasa tumepata kadi ya gigabaiti 2, na tuna sheria: hatufuti picha ya mtu mpaka awe ameshika yake mkononi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, tutakuwa mbele ya darasa la kwanza. Kila familia italipia karatasi tu. Vijana wenye kutaka kujifunza kamera waje pia, tutawaonyesha yale machache tunayoyajua.

Watoto wana muda. Tafadhali, waleteni wazee kwanza.

Tuonane mwezi ujao.
Walimu wenu wa kujitolea