Jina la Mazingira ya Programu na Uthibitisho wa Tasnifu Zetu

Hapana mtaalamu wa tenzi za kale atakayenukuu Al-Inkishafi bila kutaja anatumia mswada upi au toleo la nani. Anayelitumia toleo la Hichens la mwaka 1939 husema hivyo waziwazi. Mazoea hayo tunawasisitizia wanafunzi wetu wote wa shahada za juu. Ajabu ni kwamba wanafunzi hao hao wanapochanganua matini kwa kompyuta, twawaruhusu waandike tu kwamba “data zilichanganuliwa kwa Python”, nasi tukaridhika.

Kwa maoni yetu, huko ni kukosea mbinu. Programu anayoitunga mtafiti haifanyi kazi peke yake. Huegemea lugha ya kompyuta, vifurushi vilivyotungwa na watu wengine, na mfumo endeshi wa mashine. Jumla ya hivyo vyote, kila kimoja na nambari ya toleo lake, ndiyo tunayoiita hapa mazingira. Mazingira yakibadilika, matokeo yaweza kubadilika ilhali mtafiti hakugusa hata mstari mmoja wa kazi yake. Katika Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa Januari 1, 2020, kugawanya 7 kwa 2 kulitoa 3. Katika Python 3 hutoa 3.5. Aliyekokotoa uwiano wa vitenzi kwa nomino kwa namna hiyo atapata majibu mawili, na yote mawili yatatoka bila onyo lolote. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha kwamba programu moja itumiwayo na wanakemia ilitoa majibu tofauti katika mifumo endeshi tofauti, kwa sababu tu mafaili yalisomwa kwa mpangilio tofauti.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno ng’ombe huhesabiwa kuwa neno moja au mawili kutegemea kama kifurushi kinaichukulia ritifaa kuwa sehemu ya neno au mpaka wa neno. Mwandishi wa makala haya aliwahi kutahini tasnifu ambayo majedwali yake hayakuweza kupatikana tena, hata mbele ya mtahiniwa mwenyewe. Siku mbili zilipita kabla hatujagundua kwamba “ombe” limeingia katika orodha ya msamiati. Kompyuta ya awali ilikuwa imeharibika, na hakuna aliyeandika ilikuwa na matoleo gani. Mtahiniwa hakudanganya, alikosa tu namna ya kuthibitisha.

Dawa ipo, na si ghali. Chombo kiitwacho Conda huhifadhi mazingira katika faili fupi la maandishi ambalo hubeba jina la mazingira na orodha ya vifurushi. Faili hilo laweza kuchapishwa kama kiambatisho cha tasnifu, na mwenzake akalitumia kuyajenga mazingira hayo upya. Hata hivyo, jina pekee halitoshi. Jina lisilofungwa kwa nambari za matoleo ni sawa na kutaja utenzi bila kutaja mswada. Katika vyombo kama Docker, lebo isemayo “toleo la karibuni” leo yaelekeza hapa na kesho kwingine. Eelco Dolstra, katika tasnifu yake ya Utrecht ya mwaka 2006 kuhusu Nix, alilikabili tatizo hili kwa undani zaidi: kila kifurushi hubeba katika jina lake alama inayokokotolewa kutokana na viungo vyote vilivyokijenga, hivyo kiungo kikibadilika, jina nalo hubadilika.

Watakaopinga watasema tunamwongezea mwanafunzi mzigo. Hoja hiyo ni nyepesi. Iliyo nzito ni kwamba faili la orodha halibebi vifurushi vyenyewe, navyo vyaweza kutoweka. Kadhalika orodha kamili iliyotolewa katika Linux aghalabu haijengeki katika Windows. Kuhifadhi mazingira mazima kwaweza kudai gigabaiti kadhaa, jambo lisilo dogo kwa maktaba zenye bajeti finyu. Kwa hiyo tunapendekeza faili lidaiwe katika kila tasnifu iliyotumia kompyuta, na mazingira mazima yahifadhiwe pale tu hitimisho linapoegemea tarakimu. Mtahini naye ayajenge mazingira hayo katika mashine yake kabla ya utetezi, wala asingoje hadi siku yenyewe. Jarida hili laweza kutangulia kwa kulidai faili hilo pamoja na mswada wa kila makala yenye majedwali ya aina hiyo.