Paneli ya sola hupimwa kwa utepe

Dada yangu ameolewa Olenguruone, ukingoni mwa msitu wa Mau, mahali ambapo mgeni kutoka jijini hujuta kuacha koti nyumbani. Nilimtembelea majuzi. Kutoka Molo gari hupita Keringet, barabara ikipanda na kushuka katikati ya viazi, mahindi na majani chai, na ukungu ukikusindikiza kama mwenyeji asiyetaka upotee. Mimi nilikuwa nimekwenda kula na kupumzika. Badala yake niliikuta kesi, na nikafanywa hakimu kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai.

Kesi yenyewe ilihusu paneli ya sola. Juu ya paa la dada ipo paneli kuukuu, rangi yake ya hudhurungi, ambayo shemeji aliinunua mwaka wa 1997 kwa fedha za pareto. Siku zile ilikuwa sifa ya mji mzima. Iliwasha taa mbili na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, na majirani walikuja jioni wakiwa wamebeba viti vyao kutazama habari. Lakini baada ya miezi michache televisheni ikaanza kuzimika kabla taarifa haijafika kwenye michezo. Shemeji akamlaumu fundi. Fundi akailaumu betri. Betri ikabebwa mgongoni hadi sokoni kuchajiwa, ikarudi, na televisheni ikazimika palepale. Koroboi lililokuwa limetupwa stoo likarudi mezani.

Sasa bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia, na dada akaamua kununua paneli mpya. Katika duka moja, ambalo sitalitaja, alionyeshwa paneli nyeusi, nzuri, iliyoandikwa wati 300, kwa bei ya kutamanisha. Muuzaji aliitoa juani, akagusisha ncha za mita, tarakimu zikaruka hadi volti 20. "Umejionea mwenyewe, mama," akasema. Dada akaacha arbuni, akarudi nyumbani akiimba.

Aliyeharibu wimbo ni mpwa wangu, kijana wa sekondari. "Mjomba," akaniambia, "mwambie mama asimalize kulipa kwanza. Ile paneli ni ndogo mno kwa wati 300." Mama yake akamjibu kwamba yeye amezoea kupinga kila kitu tangu alipoanza kusoma fizikia.

Mpenzi msomaji, ili kuamua kesi kama hii inabidi uingie ndani ya paneli, mahali ambapo jicho halifiki. Hebu tuanze na kitu ambacho jicho hufika: mabati mapya. Umewahi kuliangalia bati jipya juani, ukaona mabaka yanayong'aa kama maua ya barafu, kila baka likimeta kivyake? Yale mabaka ni fuwele za zinki. Zinki ilipoganda juu ya chuma, atomu zake zilijipanga safu kwa safu, na kila kikundi kikajipanga kwa mwelekeo wake. Fuwele si lazima iwe kito cha pete. Fuwele ni kitu chochote ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba.

Kinyume chake pia tunacho hapa kwetu Bonde la Ufa. Ukienda Hell's Gate karibu na Naivasha, au milima ya Eburru, utaliona jiwe jeusi ling'aalo kama chupa iliyovunjika. Ni obsidiani, jiwe lililotoka volkeno likapoa upesi hata atomu zake zisipate nafasi ya kujipanga. Kule Kariandusi, karibu na Elmenteita, Louis Leakey alifukua mashoka ya watu wa kale yaliyochongwa kwa jiwe hilihili. Sehemu kubwa ya obsidiani ni silika, yaani silikoni na oksijeni, vitu vilevile vinavyounda kwatsi, ile fuwele angavu. Viungo karibu ni sawa, mpangilio ni mwingine. Mmoja ameganda katika gwaride, mwingine ameganda katika msongamano wa sokoni.

Watu waliujuaje mpangilio huo, hali atomu haionekani? Ukiwa ndani ya matatu inayopita kando ya shamba la mahindi, utaona safu zikifunguka na kufunga. Kwa pembe fulani unaona njia nyeupe hadi mwisho wa shamba. Ukisogea kidogo, njia inapotea, unaona majani matupu. Kutokana na pembe zile tu mtu mwenye akili angeweza kukuambia mashina yamepandwa umbali gani. Mwaka wa 1912 Mjerumani Max von Laue pamoja na wenzake walipenyeza eksirei ndani ya fuwele, ikatoka imegawanyika katika madoa yaliyopangika. Waingereza William Bragg na mwanawe Lawrence wakagundua namna ya kukokotoa umbali wa safu za atomu kutokana na pembe hizo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1915. Kijana alikuwa na miaka 25, na mpaka leo hakuna aliyeipata Nobel ya fizikia akiwa mdogo kuliko yeye. Mpwa wangu aliposikia hivyo alimtazama mama yake kwa jicho la ushindi.

Turudi kwenye paneli. Moyo wake ni silikoni, na atomu ya silikoni ina mikono minne. Katika fuwele kila atomu imeshikana na jirani wanne, hakuna mkono ulio wazi, hivyo elektroni karibu zote zimefungwa kazini na umeme haupiti kwa urahisi. Silikoni si kipitishi kama shaba, wala si kihami kama mpira, huitwa semikondakta. Mafundi hutia upande mmoja fosforasi kidogo sana, yenye mikono mitano, na upande wa pili boroni, yenye mitatu. Upande mmoja una elektroni za ziada, mwingine una nafasi tupu, na pale pande hizo zinapokutana hutokea mlango unaosukuma umeme upande mmoja tu. Mwanga wa jua ukiingia huibandua elektroni, mlango unaisukuma, nayo haina budi kuzunguka kupitia waya na taa yako ili irudi nyumbani.

Hapo ndipo mpangilio unapokuwa kila kitu. Katika fuwele safi elektroni hupita kama mtu anayetembea kati ya safu za mahindi. Katika silikoni isiyopangika, njia ni kichaka chenye mashimo: atomu nyingine zimebaki na mkono unaoning'inia, na elektroni ikipita karibu inanaswa.

Paneli kuukuu ya shemeji ni ya aina hiyo ya pili. Ukiitazama vizuri huoni vipande vya seli, unaona kioo cha hudhurungi chenye mistari myembamba. Ndani yake silikoni imepakwa kama rangi, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, bila fuwele. Ilikuwa rahisi kuitengeneza, na ndiyo maana paneli ndogo za wati 12 au 14 zilienea mashambani Kenya katika miaka ya 1990, katika nyumba ambazo hazikuwa na tumaini la nguzo ya stima. Silikoni hiyo huchanganywa na haidrojeni ili kuishika ile mikono inayoning'inia. Lakini mwaka wa 1977 David Staebler na Christopher Wronski, huko Marekani, walitangaza kwamba mwanga wenyewe huharibu kazi hiyo. Jua likiipiga, baadhi ya viungo dhaifu hufunguka na mashimo huongezeka. Nguvu hushuka katika majuma na miezi ya kwanza, pengine kwa asilimia 10, pengine hata 30, kisha hutulia.

Kwa hiyo televisheni ya shemeji haikuzimika kwa sababu ya fundi, na huenda betri nayo ilisingiziwa. Mtengenezaji mwaminifu aliandika kwenye kibandiko nguvu itakayobaki baada ya kushuka. Asiye mwaminifu aliandika ile ya siku ya kwanza, au hata zaidi. Mwaka wa 1999 watafiti, akiwamo Arne Jacobson na Richard Duke, walizunguka wakipima paneli za aina hii katika nyumba za Wakenya. Waligundua kwamba chapa nyingi zilifanya kazi vizuri kwa kiasi cha kuridhisha, lakini chapa moja ilikuwa chini mno. Mnunuzi dukani hakuwa na njia ya kuzitofautisha. Mimi nasema huo ulikuwa wizi wa kimyakimya, kwani aliyeibiwa aliishia kumlaumu jirani yake.

Paneli mpya ni hadithi nyingine. Zilizo nyeusi sawasawa zimekatwa kutoka fuwele moja. Njia ya kuikuza fuwele hiyo ilivumbuliwa mwaka wa 1916 na Mpolandi Jan Czochralski akiwa Berlin. Inasimuliwa kwamba alichovya kalamu yake kwa bahati mbaya ndani ya bati iliyoyeyuka badala ya wino, akavuta uzi mwembamba wa metali, na uzi wote ukawa fuwele moja. Leo silikoni huyeyushwa kwa nyuzi 1,414 za Selsiasi, kisha fuwele ndogo ya mbegu ikachovywa na kuvutwa polepole mpaka litoke gogo zima, ambalo hukatwa vipande vyembamba kama karatasi. Zile paneli za buluu zenye mabaka kama mabati mapya ni za fuwele nyingi zilizoungana. Kwenye mipaka ya mabaka elektroni hupotea kidogo, hivyo ziko nyuma ya zile nyeusi.

Basi ile ya wati 300? Nilimwomba mpwa achukue utepe wa mama yake wa kushonea nguo, tukaenda wote sokoni. Muuzaji alicheka kuona paneli ikipimwa kama gauni. Ilikuwa sentimita 120 kwa 54, yaani kiasi cha mita 0.65 za mraba. Jua la adhuhuri, likiwa kali na mbingu safi, hutoa takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli nzuri ya fuwele hugeuza kama asilimia 20 kuwa umeme, na zilizo bora kabisa madukani hufika 23 au zaidi kidogo. Mpwa alipiga hesabu kwenye kiganja: wati 130. Tukaipa sifa zote, ikafika 150. Hata kama atomu zake zingepangwa na malaika, paneli ile isingetoa 300.

"Na zile volti 20?" dada akauliza. Swali zuri, kwa sababu ndilo lililomnasa. Kila seli ya silikoni hutoa karibu nusu volti, au zaidi kidogo, iwe kubwa au ndogo, na hata mawingu hayaishushi sana. Hesabu seli zilizounganishwa mfululizo: 36 zitakupa kati ya volti 18 na 21. Kumbe mita ilimwonyesha dada idadi ya seli tu. Kinachotofautisha paneli ni ampea, na hizo muuzaji hakuzipima. Fundi aliyesajiliwa anaweza kukupimia adhuhuri, na tangu kanuni za sola za mwaka wa 2012 mafundi hutakiwa kuwa na leseni, hivyo mwombe akuonyeshe yake. Ukijaribu mwenyewe kwa mita ndogo, tumia tundu la ampea 10, kwa paneli ndogo tu, na usithubutu kufanya hivyo kwenye betri.

Jambo moja lilimfurahisha dada, naye ana haki. Joto ni adui wa fuwele hizi: kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Paneli iliyochomeka Lodwar hadi nyuzi 65 hupoteza 16 kati ya kila wati 100. Ileile ikiwa Olenguruone kwa nyuzi 40 itapoteza 6. Ile baridi inayotukimbiza sisi wa jijini ndiyo inayoistawisha sola, ilimradi ukungu uondoke.

Ukungu huohuo ndio unaonitia shaka kuhusu fuwele mpya inayosifiwa siku hizi, perovskaiti. Jina limetoka kwa madini yaliyopatikana milima ya Ural mwaka wa 1839. Mwaka wa 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waliitumia kutengeneza umeme wa jua, wakapata asilimia 3.8 tu, sasa maabara zimevuka 25. Lakini unyevu huiharibu upesi isipofungwa vizuri. Anayeisomea akitaka mahali pa kuijaribu, aje akae juma moja kwa dada yangu. Na kijana wa huku anayetaka kuisomea hana haja ya kwenda mbali, kwani Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, katika kaunti hiihii ya Nakuru.

Arbuni haikurudi kama fedha. Ilirudi kama nyaya, balbu tatu na paneli nyingine ya fuwele moja iliyoandikwa wati 100, ambayo utepe uliikubali. Siku ya pili ilipofika saa sita mchana, mpwa alipanda paani akaipima ile ya mwaka wa 1997. Ilitoa nusu ampea. Nilidhani itashushwa na kutupwa, lakini shemeji alikataa katakata; akaihamishia kwenye banda la kuku, na jioni taa moja ndogo ikawaka humo.