Barua ya kodi: kabla hujalipa, tazama pesa inakwenda wapi

Awamu ya pili ya kodi ya mapato inaisha Juni 30, na matapeli wanaijua kalenda hiyo. Barua yao ina nembo, mhuri na vitisho: lipa leo au duka lifungwe. Nembo isitudanganye, hata steshenari ya mtaani inaichapa. Tutazame njia ya malipo. Kodi ya TRA hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Ukiambiwa utume kwenye simu ya "afisa", huo ni wizi. Ukiwa na shaka, usipige namba iliyoandikwa humo. Ipeleke barua ofisi ya TRA iliyo karibu nawe. Deni la kweli halikatai kuulizwa. Tapeli ndiye hataki uulize.